Karakana ya Uani: Sakafu na Paa Kwanza, Kuta Zisubiri

Mtu wa Embulbul, kaunti ya Kajiado, akipata wazo la kuwa na karakana nyuma ya nyumba, kitu cha kwanza kinachomjia akilini ni chumba: kuta nne za mawe, mlango wa chuma, dirisha lenye nondo na kufuli kubwa. Anamwita fundi wa mjengo, fundi anapiga hatua kutoka ua hadi ua, anataja bei, na mara nyingi mpango unafia hapo. Au unaanza vizuri, pesa zinakatika kuta zikiwa kwenye lenta, majani yanaota katikati ya mawe, na mwenye ploti hajaranda hata ubao mmoja. Mwongozo huu unatetea mpango wa kinyume. Pesa za kwanza ziende ardhini, za pili ziende kwenye paa, na kuta zisubiri mpaka uwe umefanya kazi pale kwa mwaka mmoja hivi. Utaratibu huu unamfaa hata aliye na pesa zote mkononi leo, kwa kuwa anayeanza bado hajui anahitaji kuta za namna gani, upande upi na za kuzuia nini. Sakafu na paa anavihitaji tangu siku ya kwanza, na sakafu ikikosewa hairekebishiki bila kuvunjwa.

Ushahidi wa kwanza uko barabarani. Ukitoka Embulbul kwenda mjini kwa barabara ya Ngong, pande za Racecourse na Dagoretti Corner, ni eneo ambalo kwa miaka mingi limejulikana kwa mafundi wa makochi, vitanda na kabati wanaofanya kazi chini ya mabati, upande wa mbele ukiwa wazi. Kamukunji, wahunzi wanafua masanduku, majiko na toroli katika vibanda vya namna hiyohiyo. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira Kenya, iliyotoka mwaka 1972, ilieleza kwamba kazi za watu kama hawa zina tija na faida hata pale mtaji ni mdogo na serikali haiwatambui. Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji mwishoni mwa 1985, na serikali ikaamua kuwasaidia, walichojengewa ni vibanda vya kuwakinga jua na mvua. Mafundi hawa hawakosi shida, na wengi wangependa mahali bora zaidi. Lakini kazi yao inathibitisha jambo moja muhimu kwako: samani nzuri hutoka mahali penye kivuli, sakafu tambarare, benchi imara na nafasi ya kugeuza ubao. Ukuta unalinda na kukinga, lakini haukati wala haurandi.

Basi kabla ya kupima ploti, pima ubao. Plaiwudi na mbao za MDF huuzwa kwa futi 8 kwa 4, na mbao za saiprasi za inchi 4 kwa 2 mara nyingi huwa na urefu wa futi 10 hadi 14. Ubao wa futi 8 kwa 4 ukiulaza katikati, unahitaji futi 3 kila upande ili uuzunguke ukiwa na msumeno mkononi bila kugonga kiwiko. Hesabu hiyo inakupa futi 10 kwa 14, yaani futi za mraba 140. Kwenye ploti ya kawaida ya futi 50 kwa 100, hiyo ni chini ya asilimia 3 ya eneo lote. Usiiamini hesabu peke yake. Chukua majivu uchore mstatili huo uani, tandaza katikati boksi kubwa ulilolikata kwa kipimo cha ubao, kisha beba mti wa futi 12 begani ujaribu kuingia, kugeuka na kutoka. Utaona papo hapo kama tangi la maji limekaa vibaya, kama kamba ya kuanikia nguo inakukata shingo, kama lango la nyuma ni jembamba mno. Uache mchoro huo kwa wiki nzima, watu wa nyumbani waupite wakienda na kurudi, na malalamiko yao uyachukue kwa uzito, kwa sababu kusogeza majivu ni kazi ya dakika moja.

Huenda ukasema futi za mraba 140 ni ndogo mno kwa mashine. Ni kweli, meza ya msumeno wa umeme ingetaka nafasi maradufu, kwa kuwa ubao wa futi 8 unahitaji futi 8 mbele ya msumeno na 8 nyuma. Lakini yadi nyingi za mbao zina mashine za kupasua na kuranda, na hukutoza kwa futi. Mpelekee mwenye yadi orodha ya vipimo vyako, na mbao zirudi nyumbani zikiwa zimenyooka. Kwa anayeanza, mashine ya jirani unayoilipia ni nafuu kuliko mashine yako inayolala siku 6 kwa wiki.

Sasa ardhi, na hapa ndipo Kajiado inapomwadhibu anayeharakisha. Tambarare za Kitengela zimejaa udongo mweusi unaonata, ule unaovimba ukinywa maji na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Pande za Ngong na Embulbul udongo hubadilika katika umbali mfupi: mwekundu kwenye miinuko, mweusi mabondeni na kwenye sehemu zinazotuamisha maji. Kwa hiyo usikubali jibu la jirani, hata akiwa na nia njema. Chimba shimo la mita moja pale pale utakapojenga. Chota konzi ya udongo kutoka kila kina, uloweshe kidogo, uusokote kati ya viganja viwili kama usokotavyo unga wa chapati. Udongo mwekundu wenye changarawe utakatika mapema. Ule mweusi utarefuka kuwa kamba nyembamba, utang'aa, na utabaki umekwama kwenye kucha hata baada ya kunawa. Ukipata kamba hiyo, jua kwamba sakafu yoyote utakayomwaga juu yake itainuliwa wakati wa masika, Machi hadi Mei, na itashuka bila usawa Januari. Nyufa unazoziona kwenye veranda za nyumba mpya mara nyingi si dhambi ya saruji. Ni udongo ulioachwa chini yake.

Dawa yake ni kuuondoa. Chimba mpaka ufikie tabaka gumu, na kama weusi unaishia futi 2 chini, kwa eneo letu utakuwa umetoa karibu mita za ujazo 8 za udongo. Hii ndiyo kazi nzito kuliko zote, na ndiyo sababu nasema pesa za kwanza ziende ardhini. Jaza mawe, yapangwe na kugongwa, kisha muramu kwa tabaka zisizozidi inchi 6, kila moja ikimwagiwa maji na kushindiliwa kabla ya nyingine kuletwa. Usirudishe ule udongo mweusi hata kijembe kimoja, na usiurundike karibu na msingi. Tandaza nailoni nzito ili unyevu usipande, weka wavu wa chuma ulioinuliwa juu ya vijiwe ili ukae ndani ya zege badala ya kulala chini yake, kisha mwaga zege la inchi 4 kwa uwiano wa 1:2:4, saruji, mchanga na kokoto. Kwa futi 10 kwa 14 utahitaji takriban mita za ujazo 1.3 za zege, yaani mifuko 9 ya saruji ya kilo 50. Uso wa sakafu ukae angalau inchi 6 juu ya ardhi iliyoizunguka. Mwagilia sakafu maji asubuhi na jioni kwa siku 7, au ifunike magunia mabichi. Watu wengi huruka hatua hii kwa kuwa zege linaonekana limekauka, lakini zege hupata nguvu kwa kunywa maji, na hupimwa nguvu zake likiwa na siku 28.

Nguzo zitangulie zege la sakafu. Sita zinatosha: nne za pembeni na mbili katikati ya pande ndefu. Chuma cha mraba cha inchi 3 ni chaguo langu kuliko mti wa mkaratusi, kwa sababu mchwa wa huku hawachoki, na kwa sababu baadaye ni rahisi kuchomelea vyuma vya kushikilia ukuta. Kila nguzo isimame katika zege la inchi 18 kwa 18, kina cha futi 2, likikalia tabaka gumu. Hiyo ni mifuko mingine 5 ya saruji, na kuna sababu ya kutoipunguza. Upepo wa vilima vya Ngong si hadithi: mitambo ya kwanza ya kufua umeme kwa upepo ilisimamishwa pale mwaka 1993, na leo shamba hilo la upepo la kampuni ya umeme ya KenGen lina uwezo wa megawati 25.5. Paa lisilo na kuta huingiwa na upepo kwa chini na kuvutwa juu. Upepo wa kilomita 72 kwa saa unaweza kulivuta paa la ukubwa huu kwa nguvu ya nusu tani na zaidi. Kila kipande cha zege nilichokitaja kina uzito wa takriban kilo 300, kwa hiyo vipande sita vinakupa tani 1.8 za kulishikilia. Lakini uzito huo hausaidii kitu iwapo mbao za paa zimepigiliwa misumari miwili tu kwenye nguzo. Funga kila kiungo kwa bolti au ukanda wa chuma, weka mihimili ya mshazari kwenye pembe, na pande za ukingoni bati lipigwe skrubu kila mgongo wa wimbi. Chagua bati la geji 28 ukiweza. Namba ikiwa ndogo, bati ni nene.

Mwelekeo wa kibanda ni bure, kwa hiyo usiukosee. Tuko kusini kidogo tu ya ikweta, na jua linalosumbua macho ni lile la chini, la asubuhi mashariki na la alasiri magharibi. Upepo nao kwa sehemu kubwa ya mwaka hutoka upande wa mashariki. Basi laza kibanda kutoka mashariki kwenda magharibi, pande ndefu za futi 14 zitazame kaskazini na kusini na zibaki wazi. Upande mmoja mrefu paa lianzie futi 10 juu, upande wa pili futi 8, nalo litokeze futi 2 kila upande. Utakuwa na bati la takriban mita za mraba 23. Mvua ya milimita 20 itakupa karibu lita 400 baada ya kutoa kinachopotea, na katika kaunti ambamo maji ya buza ni gharama ya kila mwezi kwa nyumba nyingi, mfereji na tangi havipaswi kuwa nyongeza ya baadaye. Zaidi ya hayo, maji yanayodondoka kutoka kwenye bati na kuzama kando ya sakafu ndiyo yanayoamsha udongo mweusi uliobaki nje ya msingi. Yakinge.

Pingamizi la kwanza nalisikia tayari: na wezi je? Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kusema mtaa una amani. Lakini tuulize ni nini hasa kinacholinda vifaa. Ukuta wa mabati hukatwa kwa mkasi wa bati kwa dakika chache, na hauna faida nyingine ila kumficha mwizi akishaingia. Ukuta wa mawe unalinda kweli, ila ni ghali kuliko vitu vyote anavyomiliki fundi anayeanza. Msumeno wa mkono, randa, patasi tatu au nne, nyundo, pimamaji, kona, drili na jiliwa vinaingia katika sanduku moja la chuma. Sanduku hilo lichomelewe kwa bati nene na lifungwe kwa bolti zilizozikwa kwenye zege. Au vibebe vifaa vyako jioni uviingize ndani ya nyumba, kama wanavyofanya mafundi wengi wasio na stoo. Kitakachobaki nje usiku ni benchi zito na mbao. Mbao zinaweza kuibwa, ndiyo, kwa hiyo nunua za kazi iliyo mkononi tu.

Pingamizi la pili ni vumbi, mvua na baridi ya Julai. Kuhusu vumbi, kibanda kilicho wazi kinaishinda karakana iliyofungwa. Mwaka 1995 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Chumba kilichofungwa bila mtambo wa kufyonza hulirudisha vumbi hilo mapafuni mwako kila unapofagia. Upepo unaokupita unalichukua. Hata hivyo vaa barakoa unapopiga msasa. Pia mbao nyingi za yadini huuzwa zikiwa bado na unyevu, na zikipangwa kwa vijiti katikati yake chini ya paa lililo wazi zitakauka polepole bila kupinda sana. Mvua ya upepo ni shida ya kweli, na turubai linaloshushwa kwa kamba upande mmoja linatosha siku za mwanzo. Baridi ya Julai itakusumbua asubuhi. Gundi pia hushika polepole, kwa hiyo gundisha vitu vyako saa za mchana.

Wengine watasema kujenga kwa awamu ni kujenga mara mbili. Ingekuwa kweli kama nguzo na msingi vingebomolewa. Hapa hakuna kinachobomolewa: ukuta utakuja kujaza nafasi kati ya nguzo zilizosimama. Unachokwepa ni kujenga dirisha mahali utakapotaka kuweka rafu, au mlango wa futi 3 ambao kabati lako la kwanza halitapita. Mambo hayo hayaonekani kwenye karatasi. Yanaonekana baada ya kazi tano au sita kupita mikononi mwako.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni kelele, na hapa sina budi kukubali kwamba kibanda wazi kina udhaifu. Msumeno wa umeme hufikia takriban desibeli 100 ukiwa karibu. Nje, umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi, kwa hiyo mita 16 kutoka hapo bado ni 76. Ploti yako yote ina upana wa mita 15. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zinaruhusu desibeli 50 nje katika makazi mchana na 35 usiku, na usiku kwa kanuni hizo unaanza saa mbili. Umbali hautakuokoa, na ukuta wa mabati hautapunguza chochote cha maana. Kitakachosaidia ni kukata kwa mashine kuwe kwa muda mfupi uliopangwa, mchana, kazi zote kwa mara moja. Mbao nzito zikatwe yadini, na kazi ya jioni iwe ya randa, patasi na msasa wa mkono. Nenda kwa jirani kabla ya kuanza, umweleze siku na saa, na umsikilize. Kama ana mtoto mchanga au mgonjwa, saa zako zibadilike.

Umeme usivutwe kwa waya wa ekstensheni uliozungushwa kwenye gurudumu, kwa kuwa waya uliokunjwa hupata joto na kuyeyuka. Mwite fundi aliyesajiliwa na mamlaka ya nishati, EPRA, avute nyaya nzito zilizokingwa chini ya ardhi kutoka kwenye boksi la nyumba, zikiwa na kikata umeme chake peke yake na kinga ya kuvuja kwa umeme. Soketi moja ya ampea 13 kwa volti 240 hubeba takriban wati 3,100, zinazotosha kifaa kimoja kimoja. Usipange kuchomelea vyuma vinene hapo bila kumwambia mapema.

Ruhusa nayo isipuuzwe kwa sababu kibanda hakina kuta. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, ujenzi unahitaji idhini ya serikali ya kaunti. Uliza ofisi ya mipango ya kaunti umbali unaotakiwa kutoka mpakani, na kama kazi yako itakuwa ya kuuza, uliza pia leseni ya biashara na mabadiliko ya matumizi ya ploti. Mpangaji apate kwanza barua ya mwenye nyumba, na aandikiwe kwamba nguzo na mabati ni mali yake atakapohama.

Sakafu ikiisha kukomaa, kazi ya kwanza iwe benchi lenyewe: saiprasi ya 4 kwa 2, urefu wa futi 6, upana wa futi 2, kimo cha mfupa wa kiuno chako, miguu ikiungwa kwa bolti ili uweze kuikaza mbao zikisinyaa. Liweke upande wa kaskazini, penye mwanga, na jiliwa kwenye kona ya kushoto kama unatumia mkono wa kulia. Fanya kazi hapo masika na vuli. Ukuta wa kwanza kujengwa, kwa dalili zote za upepo, utakuwa ule wa mashariki, futi 10 tu, na ukiwa wa mawe utapunguza pia kelele kwa jirani wa upande huo. Ukuta wa pili usiuanze kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba kukuonyesha maji yanapiga sakafu kutoka wapi. Weka alama ya chaki pale yanapofikia, kisha ndipo umwite fundi wa mjengo.